Nyota Iliyovimba

Marlys aliitandaza nyota ya vitambaa sakafuni, akaikandamiza kwa kiganja, ikatulia. Alipoondoa kiganja ikainuka tena, palepale katikati, kama andazi lililotiwa kwenye mafuta ya moto.

"Lala," aliiambia. "Lala basi, nakuomba."

"Unasema na nani humo?" Twila aliuliza kutoka jikoni.

"Na mtu mwenye akili kukushinda."

Twila akatokea mlangoni, unga umempanda hadi viwikoni. Alikuwa mke wa kaka yake Marlys, na tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kuiacha siku ipite bila kumchokoza wifi yake. Aliikagua nyota, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Wifi," alisema kwa sauti ya mganga anayetoa habari nzito, "nyota yako ina mimba."

"Nenda kakaange mikate yako."

"Ya miezi mingapi? Niambie nianze kushona vinguo."

Marlys alitaka kucheka. Kicheko kikafika kooni, kikageuka kitu kingine. Aliinuka akaenda dirishani. Hapakuwa na cha kuona ila nyasi zilizokauka, zinalazwa na upepo hadi macho yanapokoma, na mama yake, Verna, anayeondoa nyama kavu kwenye kamba kabla upepo haujaibeba. Akarudi. Akaikandamiza nyota tena. Akainuka tena.

"Utatoboa sakafu," Twila alisema. "Kaa chini, wifi."

"Siwezi kukaa."

"Najua. Tangu Jumatatu huwezi kukaa. Na mimi najua kwa nini, na wewe unajua kwa nini, na hiyo nyota imekwisha kutangaza."

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ndiyo ingekuwa siku ya kumaliza mwaka wa matanga ya Orval, baba yake Marlys. Watu wa Rosebud, nchi ya Walakota, wangejaa ukumbini kula na kulia kilio cha mwisho, kisha familia, kwa desturi, ingewagawia waliokuja vitu vyake mpaka nyumba ibaki kuta. Mablanketi mengine yalikwisha kukunjwa, yamepangwa kando. Hili kubwa lingetundikwa nyuma ya picha ya marehemu, macho yote yakiliangalia, halafu lingevishwa mabegani mwa mzee aliyemwombea hadi pumzi ya mwisho. Nyota ya ncha nane, nyekundu kama kaa la moto katikati, ikififia kuwa ya machungwa, kisha njano, kisha njano iliyopauka kama majani ya majira haya. Kazi ya miezi. Na sasa ina kilima.

Sababu aliijua. Kazi ile ilikuwa na sheria moja, na Marlys aliijua kabla hajang'oa meno ya utoto. Kila kipande, kila kimoja cha vile vipande vyenye umbo la uru wa karata, huchorwa kwa bati. Bati hilo Orval alilikata mwenyewe, akalipiga tupa kingo zote mpaka zikawa laini kama ukucha. Usichore kipande kwa kipande mwenzake, mama yake alikuwa akisema. Penseli ina unene. Kila mtoto anamzidi mama yake kwa unene wa penseli, na ukifika mwisho, kitukuu ni jitu.

Lakini Jumatatu, Marlys akiwa katikati ya kukata, Twila aliingia kutoka dukani akasema, "Leland amerudi. Nimemwona mjini Mission, anatia mafuta gari." Bati likamtoka Marlys mkononi, likaenda chini ya meza. Mkono ukaendelea wenyewe. Ulichukua kipande kilichokuwa karibu, ukachora kingine, ukachukua hicho, ukachora kingine. Mikono mitatu ya nyota ilikatwa hivyo, moyo uko Mission, macho yako dirishani. Alipoishona kwenye mikono mitano iliyokuwa sahihi, mirefu ikabanwa na mifupi, na kitambaa kilichokosa pa kwenda kikapanda juu.

"Ipige pasi," Twila alishauri.

"Pembeni nyuzi zimekatwa mshazari. Pasi itazivuta, nyota itavimba zaidi."

"Basi mwambie mama ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa naliwaza lile jina?"

Nje mlio wa pikapu ulikuwa umeingia uani, na mbwa, ambaye hubwekea hata mvua, hakubweka. Alilijua gari lile.

Marlys alikwenda dirishani. Akaondoka dirishani. Akaenda mbele ya kioo, akaona uzi mwekundu umemning'inia nyweleni, akautoa, akarudi dirishani.

"Ungeuacha," Twila alinong'ona. "Ulikupendeza."

"Nyamaza!"

Leland alishuka. Alikuwa amekonda. Mashavu yake yalikuwa na ule weusi wa watu wa vikosi vya moto, wanaokwenda kuzima misitu inayoungua huko magharibi na kurudi na moshi hata kwenye usingizi wao. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kuni, zimepasuliwa vizuri, zimepangwa. Hakufika mlangoni. Verna alikuwa amesimama kwenye ngazi, beseni la nyama kavu kiunoni, anamtazama usoni bila kupepesa.

"Mama," Leland alisema.

"Naona."

"Nimeleta kuni za kupikia Jumamosi."

"Naona. Aliyekufa ni mume wangu, si macho yangu."

Ndani, Marlys alishika ukingo wa dirisha. Mlango wa wavu ulikuwa ukigongagonga kwa upepo, na kila ulipogonga alikosa neno moja.

"Yule mzee alikufundisha kuendesha gari," Verna alisema. "Alikufundisha kupanda farasi. Alikuita mwanangu mbele za watu. Kaburi lake nani alilichimba?"

"Wengine, mama."

"Wengine. Udongo umeanza kuganda kwa baridi, wakachimba mpaka viganja vikatoka damu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mlimani, Idaho. Simu hazishiki kule. Niliposhuka mazishi yalikuwa yamekwisha. Nikaona aibu kuja."

"Aibu haichimbi kaburi, kijana."

"Najua."

"Haileti kuni pia. Sasa imekuleta nini?"

Upepo uligonga mlango. Leland alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi kama mtu anayetafuta mahali pa kuishika.

"Nimekuja kwa ajili ya mzee," alisema. "Na kwa ajili ya Marlys."

Verna akacheka, kicheko kikavu kama ile nyama kwenye beseni. "Kuni nitazipokea," alisema, akageuka akaingia ndani.

Na alichokiona ndani ni nyota, imelala sakafuni na tumbo lake juu. Hakuna aliyepata nafasi ya kuikunja.

Verna aliweka beseni chini. Alipiga magoti polepole, maana magoti yake yalikuwa na ugonjwa uleule wa vidole vyake, akanyoosha mkono, akaligusa lile tumbo. Akaangaza huku na huku mpaka akaliona bati. Akaliweka juu ya kipande kimoja, likakitosha. Akaliweka juu ya kingine kwenye mkono wa pili, likatosha. Akaliweka kwenye mkono wa nane, na kitambaa chekundu kikatokeza pande zote kama shati la mtu aliyenenepa.

"Nani alikata hivi?"

"Mimi, mama."

"Bati lilikuwa wapi?"

"Chini ya meza."

"Na akili?"

Leland alikuwa amefika mlangoni, gogo mkononi, hajui aingie au atoke. Marlys alimtazama. Mwaka mzima alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia mtu huyu, makali, yamenolewa. Sasa yote yalikuwa yamekimbia, limebaki moja tu, nalo lilikuwa la kweli.

"Ilikuwa Mission, mama. Kuna pikapu ilikuwa inatia mafuta."

Jikoni, Twila alipaliwa na kitu ambacho hakuwa akikila.

Verna alimtazama binti yake. Kisha akaitazama nyota. "Fumua," alisema. "Mikono yote mitatu. Kila kipande kiwekwe chini ya bati, kikatwe upya. Kikubwa hupunguzwa, bahati yako." Alinyanyua vidole vyake vilivyovimba viungo. "Hivi havishiki mkasi tena. Twila ana mikate ya ukumbi mzima. Haya, wewe mwenye kuni!"

"Naam, mama."

"Unajua kushika kitu kisisogee?"

"Nitajaribu."

"Sikukuuliza kama utajaribu."

"Najua, mama."

"Tutaona. Kaa."

Verna alihamia jikoni na mikono ile mitatu ya nyota, akawa anafumua kwa pini, mshono kwa mshono, na kupitisha vipande kwa Twila, naye Twila akivileta sebuleni mbio, akitabasamu kama aliyelipiwa tiketi. Marlys na Leland walikaa sakafuni, magoti kwa magoti, ubao kati yao. Leland anashika bati, Marlys anachora na kukata.

"Bonyeza," Marlys alisema.

"Nabonyeza."

"Bonyeza kama mtu anayetaka kitu kibaki. Hivyo unavyobonyeza unaaga."

Leland akabonyeza mpaka kucha zikawa nyeupe. Mkasi ukapita. Kipande kikaanguka, sawa na bati. Kingine. Kingine.

"Marlys."

"Usiongee. Ukiongea mkono unatikisika."

"Wangu au wako?"

Marlys alikata kingine. Harufu ya moshi ilikuwa kwenye shati la Leland, na ilimkera kwamba alikuwa akiivuta.

"Mwaka," alisema hatimaye, chini kwa chini, jikoni wasisikie. "Kila gari likipita mimi huyo dirishani. Mama anasema kioo kimeliwa na macho yangu. Halafu unakuja na kuni!"

"Nilipiga simu."

"Lini?"

"Baada tu ya mazishi. Ulipokea wewe. Ulisema haloo mara mbili."

Mkasi ulisimama. Aliikumbuka simu ile. Alidhani ni watu waliokosea namba. "Ulikuwa wewe? Kwa nini hukusema neno?"

"Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyelia. Nikajiuliza nitasema nini mimi niliyekosekana. Nikakata."

"Mjinga."

"Ndiyo."

"Mjinga mkubwa."

"Ndiyo, Marlys."

"Usinikubalie kila kitu! Nimekaa mwaka mzima nagombana nawe peke yangu, sasa umekuja, gombana!"

Leland alikaribia kucheka, akaona machozi machoni mwa Marlys, kicheko kikamwishia. "Nimeacha kazi ya moto," alisema. "Kabila wamenipa kazi kwenye kundi lao la nyati. Naanza wiki ijayo."

"Utachunga nyati?"

"Wakali, lakini hawawafikii wa nyumba hii."

Safari hii Marlys alicheka kweli, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. Kiganja chake kilikuwa kimewaka kwa mkasi. Wakabadilishana: yeye akashika bati, Leland akachukua mkasi. Vilibaki vipande vichache, vyekundu, vya moyo wa nyota. Alikata vizuri, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Marlys alimtazama kope zake. Alijua hapakuwa mahali pake, wala wakati wake. Lakini moyo uliokosa usingizi hauchagui saa.

"Ulinikumbuka?" aliuliza.

Leland akainua macho. Mkasi haukuinua yake. Uliendelea na safari, ukaingia ndani ya mstari, ukakata.

Wote wawili wakakitazama. Kipande chekundu, ncha yake moja imeliwa upana wa kidole.

"Kata kingine," Leland alisema.

"Hakuna kingine. Kitambaa chekundu kimekwisha. Mama alinunua kile cha mwisho." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. Kikubwa hupunguzwa. Kidogo hakikuzwi. "Kichomeke katikati ya hivyo vingine, haraka. Nitashona ukingoni kabisa, nitaacha upindo kama uzi. Hataona."

"Ataona Jumamosi, kikivuta wenzake."

"Jumamosi ni Jumamosi! Leland, akijua leo atakufukuza. Alikuwa anangoja hiki tu. Nipe."

Alinyoosha mkono. Leland hakumpa. Alikuwa amekaa na kipande kiganjani, shingo imewiva kwa haya, na Marlys akaona macho yake yakienda mlangoni. Nje ya wavu pikapu ilikuwa imetazama barabara, ufunguo humohumo ndani kama kila gari la kule. Aliijua njia ile ya macho. Aibu ya mtu huyu ilikuwa na miguu mirefu. Ilikwisha kumpeleka mbali na kaburi, mbali na simu, mbali naye. Leland alisimama.

Marlys alifumba macho. Alisikia viatu vizito juu ya mbao. Alingoja mlio wa mlango.

Mlango haukulia.

"Mama," Leland alisema, jikoni. "Nimekiharibu kimoja."

Pini iliacha kufumua.

"Chekundu. Nimekata ndani ya mstari, na kitambaa kimekwisha. Nilikuwa namtazama mwanao badala ya mkasi. Kosa ni langu, si lake."

Marlys alifika mlango wa jikoni bila kujua amefikaje. Leland alikuwa amesimama katikati, kipande kimelala juu ya kiganja kilichofunguliwa, kama anayeonyesha kidonda. Verna alikitazama. Hakukigusa.

"Ungeweza kunificha," alisema.

"Ningeweza."

"Na gari lako liko pale."

"Liko pale. Unifukuze humu ndani, mama, ni haki yako. Nitakaa uani nipasue kuni. Zikiisha nitaenda kuleta nyingine. Lakini siondoki tena."

Mafuta yalichemka kwenye sufuria. Twila, uma hewani, alikuwa amesahau kwamba mkate wake unaungua. Upepo ulisukuma nyumba, nyumba ikaguna. Verna aliinuka kwa kushika meza. Alimpita Leland, akampita Marlys, akaingia chumbani kwake, na Marlys akasikia droo ikifunguliwa. Sasa anachukua kofia ya baba, aliwaza, amwonyeshe, amkumbushe, kisha amfukuze. Alitaka kumshika Leland mkono na hakuthubutu. Alitaka kukimbia na hakujua wapi.

Verna alirudi na sketi. Ilikuwa ile nyekundu, aliyojishonea kwa ajili ya Jumamosi, siku ambayo mjane angevua matanga na kuvaa rangi tena mbele ya watu. Kitambaa kilekile. Alikaa, mgongo kwa Leland, akaligeuza pindo. Alikuwa ameliacha pana, kama wanawake wa zamani. Akaanza kulifumua. Vidole vibovu vile vilifanya kazi polepole. Alipomaliza, akakata ukanda, akauvuta mtandio wake ukamfunika shavu upande aliosimama Leland, na akaunyoosha ukanda kwa binti yake.

"Mwambie," alisema akiuelekea ukuta, "huu unatosha kipande kimoja. Mwambie hakuna cha pili."

"Mama, si umwambie mwenyewe? Yuko hapo nyu..."

Marlys akakoma. Damu ikampanda usoni, ikashuka, ikapanda tena.

Kwa Walakota, mwanamke hamsemeshi mume wa binti yake, wala hamtazami usoni, naye mkwe vivyo hivyo. Ndiyo heshima yao, nao huibeba mpaka kaburini. Bibi yake Marlys, mama yake Verna, aliishi nyumba moja na Orval hadi uzee ukamchukua, na neno lake kwake lilipitia daima mdomo wa mtu mwingine. Mpita njia hufokewa usoni. Kijana wa kuni hufokewa usoni. Anayegeuziwa mgongo hivi, kwa mtandio shavuni, ni mmoja tu.

Uma wa Twila ulianguka kwenye sufuria.

"Shemeji," alisema, akilionja neno. "Shemeji! Wifi, mwangalie, kama anapumua."

Leland alichelewa kuelewa. Alitazama ukanda, akatazama mgongo wa Verna, akamtazama Marlys, na kile alichokiona machoni mwa Marlys ndicho kilichomfungulia. Taratibu akageuka, akautazama ukuta wa upande wake. Basi wakawa hivyo, mama huku, mkwe kule, migongo imepeana, na Marlys katikati yao ameshika kitambaa chekundu, miguu haitaki kutulia.

"Marlys," Leland aliuambia ukuta. "Mwambie mama nimesikia. Mwambie... mwambie asante."

"Mama, anasema asante."

"Mwambie anyamaze, akate."